Aliyoambiwa Paka

Kabla sijaoa nilikuwa na paka, na mke wangu alilijua hilo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo asije mtu akasema nilimficha. Wakati huo nilikuwa nakaa Sharpstown, mtaa wa Houston hapa Amerika, chumba kimoja ghorofa ya juu, na jirani wa chini alikuwa anahama huku paka wake amezaa nyuma ya mashine za kufulia. Watoto wengine walichukuliwa upesi. Akabaki mmoja, mwenye rangi tatu, kwa sababu alikuwa mkali: ukinyoosha mkono, anakuparura. Nikamchukua huyo huyo. Mimi mwenyewe si mtu wa kuguswaguswa.

Tumbo lake na miguu ni nyeupe. Mgongoni ana mabaka meusi na mabaka ya rangi ya chungwa, yamekaa ovyo ovyo kama vitambaa vilivyobaki kwa fundi cherehani. Uso wake nusu ni mweusi, nusu chungwa, na mpaka unapita juu ya pua. Wamarekani humwita kaliko, na wageni wangu wengi hudhani hilo ni kabila la paka wa bei mbaya. Siyo. Kaliko ni rangi tu. Kwa kabila, paka wangu ni wale wa kawaida wa manyoya mafupi, ambao babu zao walikamata panya maghalani na hawakuulizwa ukoo. Mtu akiniuliza, namwambia huyu ni mwananchi.

Daktari wa mifugo wa kwanza kumpima alijua kuwa ni jike kabla hata hajamtoa kwenye kikapu. Nikamuuliza amejuaje, na yule dada akafurahi kuulizwa. Akaniambia rangi ya chungwa na rangi nyeusi zote zinakaa kwenye kromosomu ya X. Dume ana X moja, kwa hiyo hupata rangi moja kati ya hizo. Jike ana mbili, na katika kila kipande cha ngozi moja inalala, nyingine inafanya kazi. Ikiamka ya chungwa, manyoya yanatoka chungwa. Ikiamka nyeusi, yanatoka meusi. Nyeupe ina njia yake nyingine. Dume wa rangi tatu hutokea kwa nadra sana, na akitokea kwa kawaida hazai. Nilirudi nyumbani nikimtazama paka wangu kwa heshima mpya. Hayo mabaka hakuna aliyeyapanga, na hakuna paka mwingine mwenye ramani kama yake.

Watu wa hapa husema kaliko wana kiburi. Sijui kama ni rangi au ni huyu wangu tu, lakini kiburi anacho. Anakuja mapajani akitaka yeye. Unampapasa kichwani, anafumba macho, anakoroma kwa raha, halafu ghafla anakung'ata kidole na kushuka, kana kwamba wewe ndiye uliyemsumbua. Nimejifunza kutazama mkia. Mkia ukianza kupiga huku na huku, toa mkono wako, mazungumzo yameisha.

Kumtunza si kazi ngumu ila ni kazi ya kila siku, na mimi napenda kazi ya kila siku. Asubuhi nachota uchafu kwenye sanduku la mchanga, nabadilisha maji, napima chakula. Kupima ni lazima, maana paka wa ndani akila anavyotaka anakuwa mto wa kochi. Mara moja kwa wiki nampiga brashi, manyoya mafupi lakini yanapukutika kweli kweli. Dawa ya viroboto ni mwaka mzima, kwa kuwa Houston hakuna baridi ya kuua kiroboto. Amefungwa kizazi, ana chanjo zake, na nje hatoki. Nje kuna magari, kuna mbwa, kuna joto la Agosti ambalo hata mimi linanishinda.

Tulipooana tulihamia Stafford, nje kidogo ya Houston, nyumba ya chini yenye ua mdogo nyuma. Mke wangu ni muuguzi. Alipopata mimba aliniambia, kwa sauti ya kazini, kwamba mjamzito hapaswi kushika mchanga wa paka kwa sababu ya vijidudu. Nikamwambia mama, tangu lini umewahi kuushika? Tukacheka. Paka akahamia kwenye tumbo lake, analala juu yake kila jioni, na mtoto akipiga teke ndani, paka anaruka.

Halafu mtoto akazaliwa, wa kiume, na mama wa mke wangu akaja kulea mzazi.

Hapa lazima nieleze, maana wapo watakaosoma wasielewe. Mimi na mke wangu tunatoka pande za katikati ya Tanzania, na huko mama mkwe hatazamwi usoni. Si chuki, ni heshima, tena heshima ya juu. Humpi mkono. Huli naye meza moja. Ukimwona njiani unapisha. Mkiwa na jambo, mnatuma mtu katikati. Mimi nimesoma, nimekaa Amerika miaka, kazi yangu ya kompyuta naifanyia nyumbani, lakini mama mkwe wangu alipotokea pale uwanja wa ndege na kitenge chake na begi lililojaa mlenda mkavu, nilivua kofia na macho yakashuka chini yenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Basi, mazungumzo yetu yakaishia hapo.

Nyumbani kwetu sheria hii haina shida. Mkwe analala nyumba nyingine, na ua umejaa watoto wa kutuma. Stafford tuna jiko moja, ujia mmoja mwembamba wa kupita kwenda chooni, na watu wa kutuma ni wawili: mzazi aliyelala na mtoto asiyejua kusema. Siku za mwanzo tulikuwa tunakimbiana kama wezi. Nikisikia kandambili zake, narudi chumbani na kikombe changu mkononi. Yeye akinisikia nakohoa, anageukia ukuta. Mke wangu akasema, "Mtaniua kwa kucheka, na hii mishono bado fresh."

Aliyetuokoa ni paka. Asubuhi moja mimi niko sebuleni na kompyuta yangu, mama mkwe yuko jikoni anahangaika na jiko la gesi lililokataa kuwaka. Paka alikuwa amekaa juu ya kiti, anamtazama. Nikamsikia mama anasema, kwa sauti ya kutosha, "Wewe paka, mwenye nyumba angejua kwamba jiko limegoma, mzazi angepata uji wake."

Nikanyanyuka. Mama akageukia dirishani. Nikawasha jiko, nikamwambia paka, "Paka, kitufe kinabonyezwa kwanza, halafu kinazungushwa," nikatoka.

"Umesikia, paka?" akasema mama. "Kinabonyezwa kwanza."

Tangu hapo nyumba ikapata amani. Kila jambo likawa linapitia kwa paka. Paka, chumvi imekwisha. Paka, leo mzazi asile hivyo vya kwenye makaratasi, nimemchemshia kuku. Paka, kesho ni siku ya taka, atakayetoa pipa alitoe mapema. Yule mnyama mwenye kiburi, asiyeitika hata akiitwa kula, akawa mjumbe wa nyumba kumi. Akikaa katikati yetu, tunaongea. Akiondoka, tunanyamaza hata sentensi ikiwa nusu.

Lakini ujumbe mmoja ulikuja mapema, na huo sikuupenda. Mama mkwe alikuwa anakunja nepi kwenye kochi. "Wewe paka," akasema, "kula, shiba, jilambe. Arobaini ya mtoto ikifika, wewe na mtoto hamlali chini ya paa moja."

Nilidhani ni vijembe vya kawaida. Jioni mke wangu akanithibitishia. Mama amesema hivyo hivyo kwake, bila kupitia kwa mtu. Paka na mtoto mchanga hawakai pamoja, paka huchukua pumzi ya mtoto. Paka akibaki, yeye harudi tena katika nyumba hii, hata akizaliwa mtoto wa pili, hata wa kumi.

"Mama, ana chanjo zote, kutwa nzima ana-sleep tu," mke wangu alikuwa amemwambia. Mama akajibu kwamba hata simba hulala.

Sikia, mimi niliumia. Sitaki kujifanya mkubwa. Yule paka alikuwa nami Sharpstown, nilipokuwa narudi kwenye chumba kisicho na mtu na kupika ugali wa kikombe kimoja. Sikuwa na ndugu hapa. Nilikuwa na yeye. Na sasa nilitakiwa kumtoa kwa neno la mtu ambaye siruhusiwi hata kumbishia. Mke wangu akazungumza na rafiki yake wa kazini, muuguzi Mkenya mwenye nyumba kubwa Sugar Land, ili tu pawe na mahali pa kumpeleka paka.

"Aki usijali, shemeji," yule rafiki akaniambia kwa simu. "Watoto wangu wame-beg for a cat tangu last year. Wewe niambie tu siku, nita-come kumchukua."

Nikashukuru kwa mdomo. Moyoni nilikuwa napanga vita. Nilijipa matumaini kwamba arobaini ikikaribia, mke wangu atalia kidogo, mama atalegea. Wakati nangoja, nikaanza kampeni yangu, kupitia kwa mjumbe yule yule.

"Paka," nilisema nikiwa navaa viatu mlangoni, "wenye kukusema hawajui. Madaktari wa hapa wanasema paka hachukui pumzi ya mtu. Wanachosema ni kwamba mtoto akilala asiachwe peke yake na wewe, na mlango ufungwe. Na mlango tunafunga."

Kutoka jikoni ikaja sauti. "Paka, hao madaktari wamezaa wangapi?"

Nikafunga kamba za viatu, nikatoka.

Hata hivyo yule mama alikuwa akiuma na kupuliza. Mdomoni anamfukuza, mikononi anamlea. Marafiki walipoleta maua ya kumpongeza mzazi, yamo yungiyungi, yale meupe makubwa, mimi nikayabeba moja kwa moja hadi kwenye pipa la nje, kwa kuwa yungiyungi ni sumu kali kwa paka, hata vumbi lake akililamba linaharibu figo. Nilimweleza paka sababu, maana niliona mgongo wa mama mkwe umekakamaa kwa hasira ya maua kutupwa. Kesho yake wageni wengine walikuja na shada. Kabla sijainuka, mama alikuwa amelipokea, amechambua ua moja moja, na yungiyungi akayarudisha kwa wageni wenyewe. "Haya mtaondoka nayo," akawaambia, bila maelezo.

Vivyo hivyo na vitunguu. Nilimwambia paka mara moja tu kwamba kitunguu na kitunguu saumu havimfai, na maziwa yanamwendesha. Tangu siku hiyo, kabla hajakaanga chochote, mama alichota pembeni nyama iliyochemshwa kwa maji matupu, akaiweka kwenye kisahani. Lakini alipokiweka chini alisema, "Kula, wewe wa kuondoka."

Yeye ndiye aliyegundua jino. Mimi nilikuwa nimeona chakula kikavu kinabaki bakulini, nikadhani paka amenuna kwa sababu ya mtoto. Paka hasemi akiumwa. Anaficha, analala, mwenye nyumba anasema ni uvivu. Mama mkwe akasema, akiwa anapepeta mchele, "Paka, wewe unatafunia upande mmoja, kichwa umekilaza. Una jino."

Nikainama, nikatazama. Kweli alikuwa analaza kichwa. Nikampeleka, na daktari akakuta jino la nyuma limeliwa hadi kwenye fizi. Akaling'oa kwa dawa ya usingizi, akatupa dawa ya maumivu na onyo kali kwamba nisithubutu kumpa paka dawa za binadamu, hata kidonge kile cha kawaida cha homa kinaweza kumuua. Akasema pia paka asikae siku nyingi bila kula, ini linaharibika. Nilirudi nikiwa na paka mlegevu, macho yamemtoka, anayumba.

Mama mkwe alicheka kwanza. "Paka, ati umepelekwa kwa daktari wa mifugo! Kwetu huyo huja kwa ng'ombe, tena ng'ombe awe wa maziwa." Kisha akaenda jikoni. Alichemsha kuku, akamchambua nyuzi nyuzi, akamponda kwa mwiko mpaka akawa laini kama uji. Akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha, akamlisha kwa ncha ya kidole. Ndani ya nyumba ile kukawa na wazazi wawili, mmoja chumbani na supu yake, mmoja sebuleni na yake. Nilipita nikamwona. Nilifurahi mno, nikasema moyoni, ameshalegea, nimeshinda.

"Mgonjwa ni mgonjwa," akamwambia paka aliposikia hatua zangu. "Arobaini iko pale pale."

Siku zikaenda. Nikiangalia nyuma naona zilikuwa siku nzuri, pengine nzuri kuliko nilivyojua wakati ule. Nyumba inanukia mlenda na mafuta ya mtoto. Mke wangu anakandwa kwa maji ya moto na kulalamika kwamba mama anataka kumpika. Kijana wetu ananenepa mashavu. Mchana mke wangu na mtoto wakilala, paka alijilaza kwenye zulia nje ya mlango wao uliofungwa, mgongo umeegemea ubao, na hapo hakuondoka hadi mtoto alie. Mama alikuwa akimruka kwa miguu kila akipita. Hakumfukuza. Ila nilimwona mara kadhaa amesimama, anamtazama kwa muda mrefu.

Mchana mmoja mlango haukushika vizuri. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai. Mke wangu alikuwa amepitiwa na usingizi kitandani, mtoto ubavuni. Nikasikia kandambili za mama zinaingia chumbani, halafu zikanyamaza. Zilinyamaza kwa muda uliozidi. Nilipochungulia kwenye ujia nikamwona anatoka, amembeba paka mikononi, taratibu, kama anavyombeba mtoto. Alikuwa amemkuta amelala miguuni pa kijana wetu. Nilingoja kelele. Hakupiga kelele. Alienda naye hadi sebuleni, kwenye mlango wa kioo unaotazama ua, akakaa chini, mgongo kwangu.

Nilijua ananisikia. Kijiko kilikuwa kinagonga kikombe. Angetaka nisisikie angenyamaza.

"Paka," akasema. "Mwenzako alikuwa mweusi mtupu. Alikuwa wa mama mkwe wangu. Mwanangu wa kwanza alikuwa hajaota jino. Alikuwa na homa, siku ya tatu hiyo. Nilikuwa nimekesha naye, nikasema nijinyooshe kidogo tu. Nilipoamka, paka amelala ubavuni pake, na mtoto amekuwa baridi."

Paka alikuwa anajilamba mguu.

"Wakasema ni paka. Shemeji zangu wakamtoa nje wakampiga mpaka akafa. Na mimi nikasema ni paka. Nimesema hivyo miaka yote hii. Kwa sababu kama si paka, paka wewe, basi ni mimi niliyelala."

Mimi nikazima jiko. Mke wangu amekua akiambiwa yeye ndiye wa kwanza kuzaliwa. Hakuwahi kusikia habari za kaka. Nilisimama pale na chai yangu inapoa, nikalia. Nasema wazi, nililia, kimya kimya, nikajifuta kwa taulo la vyombo.

Siku mbili nilitembea na maneno yale. Kampeni yangu ikaniaibisha. Nilikuwa nabishana na mama huyu kwa maneno ya madaktari, na kumbe yeye kila akimwona paka na mtoto alikuwa anarudi kwenye kitanda kile. Mwanamke kasafiri kutoka upande wa pili wa dunia aje amlee binti yake, na mimi nimemweka alale nyumba moja na hofu yake, namngoja alegee. Nikaona hapana. Siku zilizobaki si nyingi, lakini hata hizo chache asizimalize hivyo. Nikampigia yule rafiki wa Sugar Land, nikamwambia asihangaike kuja, ningemletea paka mwenyewe. Mke wangu nilimwambia nimeamua tu. Akaniuliza sababu, nikasema nimechoka na manyoya. Hakuniamini, alinitazama sana, lakini mtoto alilia.

Asubuhi ya Jumamosi nikatoa kikapu. Nikaweka ndani taulo lake, nikafunga mfuko wa chakula chake, brashi yake, dawa yake ya viroboto. Paka akiona kikapu hujua, akaingia chini ya kochi, nikamtoa kwa kubembeleza na akaniparura mkono. Nilimruhusu. Nikamwingiza, nikafunga. Nilikuwa mlangoni na ufunguo wa gari mkononi niliposikia nyuma yangu.

"Baba."

Nikadhani anaongea na mtoto.

"Baba, nakuita wewe."

"Naam, mama," nikasema, macho kwenye zulia.

"Unampeleka wapi huyo?"

"Sugar Land, mama. Kwa rafiki wa mwanao."

"Arobaini imefika?"

"Bado, mama."

"Sasa?"

"Nimeona upumzike, mama. Baada ya yale ya juzi."

"Yapi ya juzi?"

Sheria ilikuwa upande wake, na wote wawili tulijua.

"Mimi nilikuambia wewe kitu juzi?"

"Hukuniambia, mama."

"Niliongea na paka. Mambo ya paka wewe yanakuhusu nini?"

Nilisikia viungo vyake vikilia akichuchumaa, nikasikia mlango wa kikapu unafunguliwa. Paka hakutoka. Mama akaingiza mkono, hakuparurwa, akamvuta polepole hadi mapajani. Akakaa hapo hapo kwenye zulia la mlangoni.

"Kaa chini, baba," akasema.

Nikakaa, nikageuka pembeni kama inavyotakiwa.

"Nitazame."

Nikainua uso. Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu wiki nzima na nyingine na nyingine, na sikujua ana kovu dogo juu ya nyusi, wala sikujua kwamba macho ya mke wangu ndiyo haya haya.

"Nimemchunguza huyu mnyama tangu nimekuja," akasema. "Nilitaka nimkamate. Kila siku nilikuwa natazama, nasema leo nitamwona akifanya lile jambo. Hafanyi. Juzi nilisimama juu ya kitanda nikangoja. Kalala miguuni, basi. Mtoto ana joto, naye anafuata joto. Na yule mwingine naye, mwanangu alikuwa anachemka kwa homa, alifuata joto. Ukimpeleka huyu huko unakompeleka, nitarudi nyumbani nikisema ni paka. Na mimi sitaki kusema hivyo tena, nimezeeka."

"Ilikuwa homa, mama," nikasema.

"Ee?"

"Ilikuwa homa. Si paka. Wala si wewe kulala. Mtu aliyekesha na mgonjwa hulala."

Alikuwa anampapasa paka kichwani, na mkia haukupiga hata kidogo. Machozi yalimshuka, hakuyafuta, na mimi sikugeuka. Chumbani mke wangu alikuwa akimwimbia mtoto kitu kisicho na maneno. Mama akavuta pumzi, akanitazama, akasema jina la mwanawe yule wa kwanza. Lilikuwa jina fupi. Alilisema mara moja, kwangu, si kwa paka, nami nikaitika, "Naam, mama," kana kwamba aliyeitwa ni mimi.